Waipa mpya, michirizi ileile: uchambuzi wa gari moja la Dar–Mbeya wakati wa masika

Gari lenyewe ni dogo, la abiria watano, usukani wa kulia, lililoingia nchini likiwa limetumika Japani. Linalala nje jijini Dar es Salaam, chini ya mwembe. Linatakiwa kwenda Mbeya, takribani kilomita 830, mwezi Aprili, likiondoka saa kumi alfajiri. Kwa ratiba hiyo dereva atakuwa na giza na mvua kuanzia Kibaha hadi Chalinze, huku malori yanayotoka Tunduma yakimmulika usoni. Kukishapambazuka kuna Morogoro, Mikumi na kona za Kitonga, na baada ya Iringa baridi na ukungu wa Mafinga na Makambako.

Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha waipa mara mbili ndani ya miezi michache. Hata hivyo kila waipa ilipopita kioo kilibaki na utando wa maziwa kwa sekunde moja au mbili. Waipa ya dereva ilipanda vizuri lakini ilishuka ikirukaruka na kupiga kelele. Mwendo ukizidi kilomita 80 kwa saa, sehemu ya juu mbele ya dereva haikufutika. Tundu la kushoto la kurushia maji halikutoa kitu. Usiku kioo kilikuwa na ukungu wa ndani usioisha.

Dukani jibu la malalamiko yote hayo ni moja: nunua waipa nyingine. Kwa gari hili jibu hilo lilikuwa limeshashindwa mara mbili, na lingeshindwa mara ya tatu. Mpira wa waipa ni kiungo cha mwisho tu. Nyuma yake kuna kioo, mkono, springi, bushi na mota, na mpira mpya kabisa ukiwekwa juu ya kioo chenye mafuta kwenye mkono uliopinda utafuta vibaya kama ule wa zamani. Kwa hiyo kazi ilianza kwenye kioo, na mpira ukanunuliwa mwishoni.

Kusoma alama

Kabla ya kufungua nati yoyote, kaa kwenye kiti cha dereva. Mtu mwingine amwagie kioo maji taratibu kwa mpira wa bustani au kopo, waipa ziende mwendo wa chini. Usiwashe waipa kioo kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lililokauka ni mchanga, na mpira utauburuta juu ya kioo.

Mstari mwembamba unaobaki palepale kila waipa inapopita una sababu mbili: mpira umechanika au umenasa uchafu, au kioo kimekwaruzika. Futa ncha ya mpira kwa kitambaa chenye maji, ujaribu tena. Mstari ukiendelea, pitisha ukucha juu ya kioo kikavu. Ukucha ukikwama, mkwaruzo huo hautoki kwa kusafisha, na kuusugua kwa nguvu kunaacha shimo pana linalopinda mwanga, jambo baya zaidi kuliko mstari wenyewe.

Utepe mpana usiofutwa katikati au mwishoni maana yake mpira haugandamizwi sawasawa. Maungio ya fremu ya waipa yamelegea, au vyuma vyembamba vinavyokaa ndani ya mpira vimewekwa kinyume na mkunjo wake. Kama waipa inafuta vizuri gari likisimama lakini inaacha maji gari likikimbia, upepo unainyanyua, na wa kushukiwa ni springi ya mkono.

Kurukaruka kunahitaji uangalifu. Kukitokea upande mmoja tu wa mwendo, mkono umepinda au mpira umelala upande mmoja kwa kukaa sana juani. Ncha ya mpira inatakiwa ilale nyuma ya mwendo na igeuke kila waipa inapobadili njia. Isipogeuka, inasukuma kioo badala ya kuburutwa, na ndipo inaposhika, inaachia, inashika tena. Kukitokea pande zote mbili, anza kushuku utando wa mafuta au nta kwenye kioo.

Ule utando wa maziwa unaofuata waipa na kupotea ndani ya sekunde moja au mbili ni mafuta, karibu kila mara. Yanatoka kwenye moshi wa dizeli wa malori, lami, nta ya sehemu za kuoshea magari, na dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi ambayo ina silikoni. Mpira haufuti mafuta. Unayatandaza tu kuwa tabaka jembamba zaidi.

Gari letu lilikuwa na alama tatu kati ya hizi kwa pamoja: mafuta kioo kizima, kurukaruka upande mmoja tu kwa dereva, na kunyanyuka kwa upepo. Mashaka yote matatu hayakuwa ya mpira.

Kioo cha nje

Kazi hii hufanyika kivulini kioo kikiwa kimepoa, maana sabuni inayokaukia kwenye kioo cha moto inaacha utando wake yenyewe. Tegemea saa moja na nusu, bila haraka.

Kwanza mwaga maji mengi, ndoo nzima ya lita 10, bila kugusa kioo, ili mchanga uondoke. Nyanyua mikono ya waipa taratibu. Kama mpira utatolewa, funga kitambaa kinene kwenye ncha ya chuma au tandika taulo iliyokunjwa kwenye kioo. Mkono mtupu ukijirudisha kwa springi unapasua kioo cha mbele, na bei ya kioo haifanani hata kidogo na ya waipa.

Changanya kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo, takribani mililita 15, na lita 5 za maji. Osha kwa sponji laini ukianzia juu, usuuze kwa maji mengi. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike hapa, kwa sababu chembe zake zisizoyeyuka zinakwaruza na mabaki yake yanabaki kwenye mpira.

Gari la chini ya mwembe lina utomvu. Vitone vyake ni vigumu, havionekani mchana, na kila kimoja kinakula ncha ya mpira kidogo kidogo. Pitisha kiganja juu ya kioo chenye maji ya sabuni, na pale unapohisi kipele tumia wembe mpya. Ulaze, uso wa kioo ubaki na maji, na usukume kwenda upande mmoja tu. Kazi kama hiyo inaondoa pia gundi ya stika za zamani. Wembe wenye kutu au uliokatika ncha utupwe. Na usipitishe wembe kwa ndani karibu na waya za kupasha joto, kama gari linazo.

Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha madoa meupe ambayo sabuni haiyagusi. Changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika mbili au tatu, kisha suuza vizuri isibaki kwenye rangi ya bodi.

Baada ya hapo kuna hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo iliyolimaliza tatizo la utando kwenye gari hili. Chukua vijiko vitatu vikubwa vya bikabonati ya soda, ile ya kuokea, na kijiko kimoja cha maji, upate uji mzito. Sugua kioo kwa kitambaa chenye unyevu kwa miduara midogo, eneo la ukubwa wa daftari kwa wakati mmoja. Unga huo ni laini kuliko kioo, kwa hiyo haukwaruzi, ila unang'oa nta na silikoni ambazo sabuni iliziacha. Suuza mpaka weupe wote uishe, hasa kwenye kona na chini kwenye plastiki yenye matundu.

Kipimo cha kazi ni maji yenyewe. Mwaga kikombe kimoja juu ya kioo. Maji yakitandaa kama shuka moja, kioo kiko safi. Yakijikusanya visiwa visiwa, rudia pale yanapokatika. Gari hili lilirudiwa mara moja, kwenye upana wote wa chini ambako moshi hugonga zaidi.

Malizia kwa spiriti kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi. Soma lebo kwanza: baadhi ya spiriti za famasi zimechanganywa na mafuta ya nyonyo kwa ajili ya ngozi, na hizo zinarudisha utando uliotoka kuutoa. Mafuta ya taa na petroli visiguse kioo wala mpira. Vinaacha mafuta, na mpira wa asili unavimba na kulegea ukikutana navyo.

Mkono uliopinda na springi iliyochoka

Toa waipa ya dereva, shusha mkono juu ya taulo, na utazame kutoka mbele ncha ya ndoano, yaani sehemu iliyopinda mwishoni mwa mkono inayoshika waipa. Ubapa wake unatakiwa uwe sambamba na uso wa kioo, ili mpira usimame wima juu yake. Kwenye gari hili ubapa ulikuwa umeinama waziwazi upande mmoja. Hali hii hutokea mkono ukivutwa kwa nguvu wakati wa kuosha, na hakuna mpira mpya unaoweza kuificha.

Dawa yake ni plaizi mbili na vipande viwili vya kitambaa cha kuzuia mikwaruzo. Moja inashika mkono sentimita kumi hivi kutoka kwenye ndoano, nyingine inashika karibu na ncha na kuzungusha kidogo sana. Rudisha waipa, mwaga maji, jaribu, zungusha tena ikibidi. Angalia usawa waipa ikiwa katikati ya njia yake, kwa sababu kioo kimepinda na kipimo cha pembeni kinadanganya.

Springi hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza mizigo. Funga ndoano ya mizani pale waipa inaposhikana na mkono, vuta kwa pembe ya mraba na kioo, na usome uzito mpira unapoanza tu kuachana na kioo. Makadirio ya kazi ni gramu 25 hadi 30 kwa kila inchi ya waipa. Waipa ya dereva ya inchi 22 (milimita 550) inataka basi kati ya gramu 550 na 660. Hii ilisoma chini ya 400. Mara nyingi springi yenyewe haijafa, ila kiungo cha mkono kimejaa kutu na vumbi. Puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye kiungo, pandisha na kushusha mkono mara ishirini au zaidi, futa yanayochuruzika yasifike kwenye kioo, pima tena. Ikikataa kupanda, badilisha mkono mzima. Kuikata springi au kuikunja ili ivute zaidi ni kazi ya kubahatisha, tena mkono ukigandamiza kupita kiasi mpira unalala na kurukaruka upya.

Mkono ukiwa nje, kagua meno ya shina lake, ule mhimili unaozungushwa na mota. Nati huwa chini ya kifuniko cha plastiki, nyingi za magari ya Kijapani hufunguka kwa spana namba 14, chache namba 12. Weka alama ya mahali mpira unapolala kwa kipande cha selotepu kabla ya kufungua. Mkono ni wa aluminiamu na shina ni chuma, kwa hiyo nati ikilegea meno ya aluminiamu ndiyo yanayosagika: mota inazunguka, mkono umesimama, na hilo hutokea mvua ikiwa kubwa kwa sababu ndipo mzigo unapozidi. Safisha meno kwa brashi ya waya, rudisha kwenye alama, kaza sawasawa.

Mpira

Sasa ndiyo zamu yake. Pima waipa uliyoikuta halafu ulinganishe na kitabu cha gari au orodha ya duka, maana ya zamani inaweza kuwa ya saizi ya kubahatisha. Kuongeza inchi moja ili ifute zaidi ni hatari: waipa mbili zinagongana katikati au ncha inapiga nguzo ya pembeni. Angalia pia upana wa ndoano. Zile za umbo la U zipo za milimita 9 kwa 3 na 9 kwa 4, na kiunganishi kisicholingana kinacheza mpaka kinachomoka.

Kama fremu ya zamani ni imara na maungio hayachezi, nunua mpira peke yake. Tunapendelea hivyo kwa gari la aina hii, kwa kuwa fremu asilia iliyotoka nayo Japani mara nyingi ni bora kuliko waipa nzima ya bei rahisi. Mgongo wa mpira una upana wake, milimita 6 au 8 kwa magari mengi madogo, na usiolingana utachomoka au kubana. Hamisha vile vyuma viwili vyembamba ukihakikisha mkunjo wao unafuata mkunjo wa kioo na vijino vyao vinatazama mpira. Ingiza mpira kwenye makucha yote ya fremu bila kuruka hata moja. Upande wenye kifungio uelekee shina la mkono. Ukiruka ukucha mmoja mpira unatoka taratibu, na kinachofuata ni chuma kwenye kioo.

Kwa jua la pwani, mpira hudumu miezi sita hadi kumi na miwili. Ukiukunja na kuona nyufa ndogo kwenye shingo yake, muda wake umeisha hata kama bado unafuta.

Maji na mota

Tundu la kushoto lilizibwa na utelezi wa kijani. Maji matupu yakikaa kwenye tangi lenye joto yanaota ukoga, na ukoga unaziba kwanza kichujio cha pampu, halafu matundu. Usichokonoe tundu kabla ya kusafisha tangi, la sivyo litaziba tena kesho. Chomoa mpira wa maji karibu na pampu, mwaga maji yote, suuza tangi mara mbili tatu mpaka yatoke meupe. Kisha sindano nyembamba inaingia tunduni taratibu, na ncha hiyohiyo inaelekeza mrusho ugonge juu kidogo ya katikati ya kioo, kwa sababu mwendo wa gari utaushusha. Pampu ikiwa kimya kabisa, tazama fyuzi kwanza.

Jaza maji yaliyochemshwa na kupozwa, au ya mvua, pamoja na dawa ya kioo kwa kipimo cha lebo. Ukikosa, matone machache tu ya sabuni ya maji kwa lita mbili. Ukizidisha, povu linakaa mbele ya macho. Beba lita 5 nyingine kwenye galoni. Kwenye njia hii, tope la malori likikutana na wadudu wa Mikumi tangi la lita mbili linaisha mapema.

Mota haikuwa na shida. Kwa saa ya simu, kioo kikiwa na maji, hesabu mizunguko ya dakika moja. Mwendo wa juu ufike walau 45, na uzidi wa chini kwa 15 au zaidi. Kwa mizunguko 45, gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda karibu mita 30 kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na ndiyo maana utepe mmoja usiofutwa mbele ya dereva si jambo dogo. Ikiwa polepole, shuku bushi na viungo vilivyokauka kabla ya kuhukumu mota, na upime betri injini ikizunguka: volti 13.8 hadi 14.4. Fungua pia plastiki ya chini ya kioo utoe majani ya mwembe. Yakiziba njia ya maji, maji yanalowanisha viungo vya waipa na kuingia kwenye feni ya ndani, na kutoka hapo unyevu unakuja kwenye kioo.

Ukungu wa ndani

Kioo cha ndani kina mafuta yake, yanayotoka kwenye plastiki ya dashibodi inayochomwa na jua. Ukungu hushika kwa urahisi juu yake, na taa za lori zinakigeuza kuwa pazia. Safisha kwa spiriti na kitambaa cha maikrofaiba, halafu kitambaa cha pili kikavu. Usipake dashibodi dawa ya kung'arisha wiki ya safari. Angalia filta ya kabini, inayochuja hewa ya ndani, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na uguse zulia la chini: likiwa na maji, kausha kabla ya kuondoka.

Njiani dereva anahitaji kutofautisha ukungu wa aina mbili. Alfajiri ya pwani AC ikiwa baridi sana, kioo kinapoa na ukungu unashika kwa nje. Huo huondolewa kwa waipa na kupunguza baridi, na kuelekeza hewa baridi kwenye kioo kunauongeza. Juu ya mita 1,500, kuanzia Iringa, mambo yanageuka: nje kuna baridi, pumzi za abiria wanne zinagandia ndani. Hapo washa AC pamoja na joto, elekeza kwenye kioo, na toa kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili iingie ya nje. AC inahitajika hata kukiwa na baridi, kwani ndiyo inayokausha hewa.

Mambo mawili yaliyoamuliwa

Kioo kilikuwa na kidonda cha kokoto cha milimita nne, chini upande wa abiria. Kilikaushwa na kujazwa resini siku mbili kabla ya safari, maana maji na vumbi vikishaingia resini haishiki, na mtikisiko wa njia ungekifanya ufa. Kingekuwa mbele ya macho ya dereva hesabu ingekuwa nyingine. Ukaguzi wa magari wa Uingereza, kwa mfano, unakataa kasoro inayozidi milimita 10 kwenye ukanda wa upana wa milimita 290 mbele ya usukani, na kipimo hicho ni kizuri kukifuata popote.

Dawa ya kufanya maji yateleze kwenye kioo haikupakwa. Inasaidia sana gari likikimbia, maana upepo ndio unaosukuma matone. Nyuma ya lori kwenye kona za Kitonga upepo huo haupo, na dawa ikipakwa bila usawa inaleta kurukaruka kulekule kulikokwisha kutibiwa. Anayeitaka aipake kwenye kioo cha safari nyingine, kikiwa kimeshathibitika kufuta vizuri bila hiyo.

Ndani ya gari viliwekwa vitambaa viwili safi, galoni la maji, fyuzi za akiba, spana ya nati ya mkono na mpira mmoja wa akiba wa upande wa dereva. Kila pa kujaza mafuta, ncha za mpira zifutwe kwa kitambaa chenye maji, na taa kubwa pia. Mpira wa dereva ukichanika njiani na wa akiba haupo, hamishia kwake waipa ya abiria kama ndoano zinafanana: iliyo fupi inafaa, iliyo ndefu isiwekwe. Upande wa abiria funga kitambaa kwenye ncha ya mkono kwa kamba, chuma kisikwaruze kioo, na uendeshe polepole hadi duka la spea la karibu. Waipa zote zikigoma mvua ikinyesha, toka nje kabisa ya lami, washa taa za tahadhari, weka pembetatu, na usubiri mvua ipite.